Ujumbe umefika, jibu halijaja



Leo ni Dominika ya tano ya Kwaresma, na kwa kuwa tuko katika Mwaka A wa liturujia, Injili tunayoisikia kanisani ni ile ndefu ya kufufuliwa kwa Lazaro, sura ya 11 ya Yohane. Tunapoisikia, masikio yetu hukimbilia kaburini: jiwe linaondolewa, marehemu anaitwa kwa jina, anatoka akiwa bado amefungwa sanda. Naomba leo tusiende huko haraka. Tukae kwanza kwenye aya sita za mwanzo, maana huko ndiko wengi wetu tunakoishi kila siku.

Martha na Maria wana mgonjwa ndani ya nyumba. Wanatuma habari ng'ambo ya Yordani, Yesu aambiwe kwamba rafiki yake anaumwa. Ni ujumbe mfupi kama meseji. Hawaelezi ugonjwa, hawapangi siku, hata hawamwambii waziwazi aje. Wanaamini kwamba akisikia tu, atakuja. Ujumbe unafika salama, Yesu anausikia, halafu anabaki pale alipo siku mbili nzima.

Ziingize siku mbili hizo nyumbani kwako. Umemtumia mtu ujumbe, umeona tiki mbili, zimegeuka bluu. Amesoma. Saa moja, kimya. Jioni, kimya. Unaitazama simu, unailaza kifudifudi mezani, baada ya dakika unaigeuza tena. Unapiga, na yule dada wa mtandao anakujibu kwa sauti yake ya upole kwamba namba unayopiga haipatikani. Mgonjwa kitandani anazidi kuhema. Hapo utamwelewa Martha. Utaelewa kwa nini Yesu alipofika hatimaye, neno la kwanza la Martha lilibeba lawama: kwamba angekuwapo, kaka yake asingekufa. Maria naye alipotoka ndani alisema maneno yaleyale. Bila shaka walikuwa wameyarudiarudia wao kwa wao kwa siku nne.

Hofu hiyo ndiyo ninayotaka tuizungumze leo: hofu inayotushika tunapokuwa bila simu, au simu inapokuwapo mkononi lakini haituletei kile tunachokingoja.

Mkono mfukoni

Panda daladala yoyote ya Nyegezi au Igoma saa za asubuhi utaiona. Abiria anapapasa mfuko wa kulia, anapapasa wa kushoto, anapapasa wa shati. Uso unabadilika. Konda anadai nauli, hamsikii. Jirani anamwuliza, "Vipi kaka?" hajibu. Akiikuta simu imeteleza pembeni ya kiti, anashusha pumzi kama mama aliyempata mwanawe aliyepotea katikati ya soko la Kirumba.

Mwaka 2008 Shirika la Posta la Uingereza liliagiza utafiti kuhusu jambo hili, na ikaonekana kwamba zaidi ya nusu ya watumiaji wa simu waliohojiwa hupata wasiwasi wakipoteza simu, wakiishiwa chaji au salio, au wakiwa mahali pasipo na mtandao. Hali hiyo ikapewa jina, nomofobia. Inafurahisha kwamba walioagiza utafiti huo ni watu wa posta, watu waliozoea kazi ya kusubiri.

Wapo wahubiri wanaoicheka hofu hii na kuiita utumwa wa kisasa. Mimi siicheki. Kabla ya kumwambia mtu aache kuogopa, ni haki kumwuliza anaogopa kupoteza nini. Katika kuzungumza na waamini miaka mingi, nimeona kwamba hofu hii ina mizizi mitatu, na kila mzizi una dawa yake. Ukimpa mtu dawa ya mzizi usio wake, unamwongezea ugonjwa.

Mzizi wa kwanza: mali

Kwetu simu ni zaidi ya chombo cha kuongea. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata, simu imekuwa pochi, kibubu na benki. Ada ya mtoto inalipwa kwa simu. Mchango wa harusi, rambirambi, hela ya dawa, hata zaka na sadaka, vinapita humo. Mama anayeuza dagaa anapokea malipo kwa simu kabla mzigo haujapakiwa kwenye gari, na mteja wake akimwambia ametuma, yeye anauliza kwanza kama ameweka na ya kutolea.

Tena simu imefungwa na mwili wetu wenyewe. Mnakumbuka foleni za vitambulisho vya NIDA na usajili wa laini kwa alama za vidole. Ilipofika tarehe 20 Januari 2020, laini zisizosajiliwa zilianza kuzimwa. Wazee waliokuwa na simu za kitochi, ambazo walizitumia kupokea tu, walijikuta wameshika kitu kisicholia. Mzee ambaye watoto wake wako Dar es Salaam na Geita, laini yake ikizimwa, amekatwa na watoto, na amekatwa pia na sukari na sabuni ya mwezi huo.

Kwa hiyo mtu mwenye mtaji wake wote ndani ya simu akishtuka kuikosa, hana upungufu wa imani. Ana akili timamu. Kwake yeye shauri langu ni la kawaida kabisa. Asimpe mtu namba ya siri, hata kama ni mtoto wa dada yake. Asijibu ile meseji inayomwambia atume ile hela kwenye namba nyingine. Asiweke akiba yote mahali pamoja. Na aandike kwenye daftari, kwa kalamu, namba tatu za watu wake wa karibu. Hebu jijaribu sasa hivi bila kufungua simu: unazikumbuka namba ngapi kichwani? Zamani tulijua namba za sanduku la posta za nusu ya ukoo. Leo mtu akiibiwa simu hawezi kumpigia hata mke wake kwa simu ya jirani, kwa sababu jina la mke analijua, namba hana.

Bwana wetu alisema kwamba hazina ya mtu ilipo, na moyo wake upo hapo. Anayejua hazina yake iko wapi na ameilinda kwa busara, anaweza kulala.

Mzizi wa pili: mtu

Mzizi huu ni mzito zaidi, na sisi wa kando ya ziwa tunaujua kuliko wengi.

Tarehe 21 Mei mwaka huu itatimia miaka 30 tangu MV Bukoba ilipozama asubuhi, ikiwa imebaki safari fupi tu kufika bandari ya Mwanza. Mamia ya watu walikufa. Wengi hawakutambuliwa, wakalazwa pamoja Igoma. Wenye umri wangu wanakumbuka siku zile. Hatukuwa na simu za mkononi. Kule Bukoba, Kemondo na vijijini Kagera watu walikaa karibu na redio, wakisubiri Redio Tanzania iseme kitu. Hapa Mwanza walikwenda bandarini kwa miguu, wakasimama. Kila aliyekuwa na ndugu melini aliishi zile siku mbili za Martha, na wengine waliziishi kwa majuma.

Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Zaidi ya watu 220 walikufa. Safari hii watu walikuwa na simu. Nani asiyejua jinsi mchana ule ulivyokuwa Ukerewe, watu wakipiga namba ambazo ziko chini ya maji? Simu ilileta habari haraka, lakini haikuweza kuleta uhai. Wakati mwingine kuijua habari mapema ni kuanza kulia mapema.

Nenda Igombe au mwalo wowote usiku wa giza, wavuvi wa dagaa wanapotoka. Ukisimama ufukweni unaziona taa zao mbali, mstari mrefu kama mji uliojengwa juu ya maji. Mke wa mvuvi analala na simu kando ya mto. Mumewe ameiviringisha ya kwake kwenye mfuko wa nailoni, na katikati ya ziwa mtandao unakuja na kuondoka. Upepo ukigeuka saa nane za usiku, mama huyo anapiga. Haipatikani. Anapiga tena. Je, nimwambie huyu mama kwamba amekuwa mtumwa wa simu? Nitakuwa mchungaji wa namna gani?

Na mwaka jana, ndugu zangu, nchi nzima ilionja kidogo hofu ya mke wa mvuvi. Intaneti ilizimwa siku ya uchaguzi, Jumatano ya tarehe 29 Oktoba, ikaanza kurudi Jumatatu ya tarehe 3 Novemba. Katikati yake ilikuwapo Dominika, tarehe 2 Novemba, siku tunayowaombea Marehemu Wote. Wazazi walikuwa na watoto mijini na vyuoni, wasijue wamelala wapi. Ndugu zetu walio nje ya nchi walikuwa wakiandika ujumbe ambao haukufika. Mitandao ilipofunguka, simu zililia zote kwa pamoja. Wapo waliopata jibu jema. Wapo pia waliopata jibu ambalo hakuna mzazi anayetaka kulipata. Hao tuendelee kuwabeba katika sala, wala tusichoke.

Hofu ya namna hii ni uso mwingine wa upendo. Bikira Maria aliijua. Mwinjili Luka anatuambia kwamba Yesu alipokuwa na miaka 12, yeye na Yosefu walisafiri mwendo wa siku nzima wakidhani mtoto yuko katika msafara, kisha wakamtafuta mpaka siku ya tatu. Alipomwona hekaluni hakuficha. Alimwambia mwanawe kwamba wamemtafuta kwa uchungu. Mama wa Mungu, aliyejaa neema, aliingiwa na uchungu wa kutojua mtoto yuko wapi. Basi mama wa Nyakato au wa Nansio asijilaumu.

Dawa ya mzizi huu si kuzima simu. Dawa ni kutoiacha hofu ikae peke yake. Mtu akingoja habari mbaya peke yake na simu, simu inamla. Akingoja na jirani, na jumuiya, na rozari mkononi, usiku unakuwa mfupi. Kwa hiyo, viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, mkijua nyumba fulani inangoja habari za mtu, nendeni mkakae nao. Msiulize maswali mengi. Kaeni tu, chemsheni chai.

Mzizi wa tatu: mimi mwenyewe

Sasa nije kwenye mzizi ambao ndio wenye ugonjwa hasa, na ambao mara nyingi hujificha nyuma ya ile miwili ya kwanza. Mtu hana mgonjwa, hana mzigo sokoni, hana mtu ziwani. Lakini akikaa dakika kumi bila kuitazama simu anahisi kama anazimika. Ameweka picha asubuhi, anataka kujua nani ameiona. Kuna kundi la wanafunzi aliosoma nao, kundi la ukoo, kundi la kwaya, kundi la mchango uliokwisha tangu mwaka juzi. Anaogopa wakizungumza bila yeye. Anaogopa kusahauliwa.

Dominika ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za mawasiliano za chini ya bahari zilikatika, na intaneti ikasumbua Afrika Mashariki yote, Tanzania ikiwamo. Siku hiyo ilikuwa Siku ya Akina Mama. Watu walilalamika kwamba wameshindwa kuweka picha za mama zao mtandaoni. Wapo ambao mama mwenyewe alikuwa mtaa wa pili. Mwenye busara aliona mtandao umegoma, akanunua sukari kilo mbili, akatembea mpaka kwa mama, akamwamkia, "Mwangaluka mayu." Nadhani mama huyo hakujua kabisa kama kuna waya umekatika baharini.

Ugonjwa huu unatufuata mpaka kanisani. Tarehe 8 Novemba 2017, katika katekesi yake ya Jumatano, Baba Mtakatifu Fransisko, ambaye sasa ni marehemu, alieleza huzuni yake kwa kuona simu zikiinuliwa wakati wa Misa, na si za waamini peke yao, bali hata za mapadre na maaskofu. Alitukumbusha kwamba padre anapoalika, anatualika tuinue mioyo; hakuna mahali katika Misa tunapoalikwa kuinua simu. Papa huyohuyo mwaka 2014 alikuwa ameiita intaneti zawadi itokayo kwa Mungu. Hakujipinga. Zawadi ni zawadi ikiwa mahali pake.

Dawa ya mzizi wa tatu naiona kwenye sura ya kwanza ya Marko, aya ya 35 hadi 38. Yesu ameshinda Kafarnaumu, mji wa wavuvi kando ya ziwa kama wetu. Jioni mji wote umejaa mlangoni, ameponya wengi. Kwa lugha ya leo, jina lake lilikuwa kila mahali. Alfajiri, kungali giza, anaamka, anaondoka kimya, anakwenda mahali pasipo watu kusali. Simoni na wenzake wanamsaka. Wakimpata wanampa habari ambayo yeyote kati yetu angeipenda: kwamba watu wote wanamtafuta. Yeye anajibu kwamba waende kwingine, kwenye miji mingine.

Bwana alikuwa hapatikani, na dunia haikuanguka. Tena angalia: kutokupatikana kwake kwa saa chache ndiko kulikompa kujua aelekee wapi. Angebaki karibu na wanaomtafuta, angebaki Kafarnaumu maisha yake yote akipokea sifa. Mtu asiyeweza kukosekana hata kwa saa moja, huyo maisha yake yanaendeshwa na kila anayempigia.

Ziwa la miaka mitatu

Ipo historia ya Kanisa letu la kando ya ziwa ambayo vijana wengi hawaijui, na inafaa hapa.

Wamisionari wa Afrika, tunaowaita White Fathers, walifika pwani ya kusini ya Ziwa Victoria mwishoni mwa mwaka 1878, pale Kageye, huku kwetu Usukumani. Februari 1879 Padre Lourdel na Bruda Amans walivuka kwa mtumbwi wakafika Buganda, na wenzao wakafuata. Barua zao za kwenda Ulaya zilibebwa na watu kwa miguu kupitia Tabora hadi pwani, kisha meli, na jibu lilichukua miezi mingi. Novemba 1882, hali kwa Kabaka Mutesa ilipokuwa ngumu, mapadre hao wakaondoka Buganda, wakavuka ziwa kurudi kusini. Mwaka 1883 wakaanzisha kituo Bukumbi, si mbali na hapa Mwanza.

Kule Buganda waliwaacha waamini wachache, wengine wakiwa wamebatizwa miezi michache tu. Yosefu Mukasa Balikuddembe, Andrea Kaggwa na Matias Kalemba walibatizwa mwaka huohuo wa 1882. Ungewauliza wataalamu wetu wa leo, wangesema Kanisa hilo limekufa. Waamini wachanga, hakuna padre, hakuna Misa, na kati yao na mapadre wao kuna ziwa zima. Hapakuwa na kundi la mtandaoni la kutumiana tafakari ya asubuhi. Walibaki na sala walizozishika kichwani, na walibaki wao kwa wao.

Mapadre waliporudi mwaka 1885 walikuta waamini wameongezeka. Mukasa alikuwa amewafundisha vijana wa ikulu, wengine walikuwa wamefundisha majirani zao. Novemba mwaka huo Mukasa akauawa, na tarehe 3 Juni 1886 Karoli Lwanga na wenzake wakachomwa moto Namugongo. Imani iliyoweza kusimama mbele ya moto ilikuwa imekomaa katika ile miaka mitatu ya kimya.

Sisemi kwamba kimya ni kizuri chenyewe. Nilipokuwa Kipalapala mwanzoni mwa miaka ya 1990, barua kutoka nyumbani ilikaa njiani wiki mbili au tatu, na kuna mseminari mwenzetu aliyepata habari za kifo cha baba yake matanga yakiwa yamekwisha. Sitamani siku zile zirudi. Ninachosema ni kwamba upendo wa kweli na imani ya kweli vina mizizi chini ya ardhi, mahali ambapo mtandao haufiki. Ikiwa ndoa yako, urafiki wako au sala yako haiwezi kuvuka siku moja ya kimya, tatizo halikuanzia kwenye simu.

Aliyekuja kwa miguu

Turudi Bethania, maana tumemwacha Martha njiani.

Yohane anasema Bethania ilikuwa karibu na Yerusalemu, umbali ambao kwa vipimo vyetu ni kama kilomita tatu. Ni karibu sawa na urefu wa lile daraja letu la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni mwaka jana. Wayahudi wengi walikuwa wameutembea umbali huo kuwafariji Martha na Maria. Yesu alitoka mbali zaidi, na alikwenda mahali ambapo siku si nyingi nyuma watu walitaka kumpiga mawe. Wanafunzi wake walimkumbusha jambo hilo. Alikwenda.

Hapa ndipo ninapoona jibu la ule ujumbe. Yesu hakutuma ujumbe wa kujibu ujumbe. Jibu lake lilikuwa kufika. Alichelewa, na hakujitetea kwa kuchelewa. Alisimama akapokea lawama ya Martha, akapokea lawama ya Maria, akauliza marehemu amelazwa wapi, akalia. Kabla hajatenda muujiza wowote alitoa machozi, na waliokuwapo wakaona jinsi alivyompenda Lazaro.

Naomba tujipime hapo, maana hapo ndipo simu inapotudanganya. Siku hizi msiba ukitokea, kundi la WhatsApp linajaa ndani ya nusu saa. "Pole sana." "Raha ya milele." Alama za mikono iliyokunjwa, moja baada ya nyingine, mia mbili. Kila mmoja akishaandika, moyo wake unatulia; ameshiriki. Siku ya saba ukienda kwenye nyumba ile unamkuta mjane peke yake na vyombo vya kuazima ambavyo havijarudishwa. Ukienda Bugando kwenye wodi, utamkuta mgonjwa ambaye simu yake imejaa salamu za kupona haraka, na hajaonana na ndugu tangu Jumatatu. Ujumbe umefika. Jibu halijaja.

Tunaogopa sana kuwa bila simu. Ni wangapi kati yetu wanaoogopa kuwa na simu na bado wasipatikane kwa wanaowahitaji? Mtoto anayeita "baba" mara tatu mezani, na baba anaitikia bila kuinua macho, mtoto huyo amepiga namba isiyopatikana.

Wiki mbili zilizobaki

Mpendwa msomaji, zimebaki wiki mbili tufike Pasaka. Nina mambo manne ya kupendekeza, na kila mmoja achague linalomfaa.

Kwanza, jiulize hofu yako ni ya mzizi upi. Kaa jioni moja, weka simu chumba kingine kwa saa moja, uone moyo unaulizia nini. Ukimwulizia mtu, mwombee kwa jina. Ukiulizia fedha, panga vizuri zaidi. Ukijiulizia mwenyewe, kama kuna aliyekusifu, basi umeugundua ugonjwa, na kuugundua ni nusu ya kupona.

Pili, chagueni saa moja ya familia bila simu, hasa chakula cha jioni. Mtakatifu Carlo Acutis, kijana wa Italia aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 na kutangazwa mtakatifu Septemba mwaka jana, alipenda kompyuta kuliko wengi wetu, akaitumia kueneza habari za miujiza ya Ekaristi. Lakini michezo ya video alijiwekea saa moja tu kwa wiki. Kama kijana aliweza, wazazi hatuna udhuru.

Tatu, wale ambao kupatikana kwao ni wajibu, wasijisikie vibaya: daktari, muuguzi, mwenye mgonjwa, mke wa mvuvi. Mimi mwenyewe usiku simu yangu haizimwi, kwa sababu anayehitaji Mpako wa Wagonjwa hachagui saa. Simu inayongoja kumtumikia mtu ni kengele ya kanisa ndogo. Acheni iwe wazi.

Nne, kabla ya Alhamisi Kuu, chagua ujumbe mmoja uliokuwa uuandike, usiuandike. Nenda. Kama ni pole, nenda ukae kwenye mkeka. Kama ni kuomba radhi, nenda ukaombe uso kwa uso. Kama ni mgonjwa, nenda na uji. Ukifika huna la kusema, usihofu. Hata Bwana alifika Bethania akalia kwanza.

Na wewe unayengoja jibu ambalo halijaja, la mtu au la Mungu, nakuombea leo kwenye Misa. Martha alidhani ujumbe wake umepotea, kumbe aliyeupokea alikuwa ameshaanza safari.

Dominika njema. Mungu awabariki.